Viatu vya Northampton kwa Bei Ninayoimudu

Jozi ya kwanza ya viatu vya Kiingereza niliyoinunua kwa fedha zangu ilinigharimu pauni 45, na sikuivaa zaidi ya wiki tatu. Nilikuwa nimetoka katika kazi ya usiku kwenye ghala moja nje kidogo ya Northampton, mji wa Uingereza unaojulikana kwa viatu, na kuingia katika ofisi ya wahasibu, mahali ambapo hakuna aliyeniambia nivae nini, lakini kila aliyepita mbele ya meza yangu alikuwa na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa vizuri. Nikaingia kwenye mnada wa mtandaoni, nikaona viatu vyeusi vyenye jina kubwa la mji huu, picha zake zinameta, namba ni 8 kama nilivyozoea kuvaa, nikapandisha bei usiku wa manane mpaka nikawashinda wengine. Vilipofika nilivivaa asubuhi ileile. Kufika adhuhuri kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimechubuka, visigino vinapanda na kushuka kila nikipiga hatua, na pale ngozi inapokunjwa karibu na vidole pakaanza kuonekana mstari mweupe, ambao kila jioni niliufunika kwa kiwi na kila jioni ya pili niliukuta umerudi. Wiki ya tatu mstari ule ulikuwa ufa.

Nilivipeleka kwa mzee mmoja wa Mombasa ambaye sisi vijana wa Kiswahili wa hapa mjini tunamwita Ami, ingawa hana udugu wa damu na yeyote kati yetu. Ami alifanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini katika kiwanda cha viatu, upande wa kumalizia, ambako viatu hupigwa rangi ya mwisho na kukaguliwa kabla ya kutiwa bokosini. Hakutazama jina. Aliingiza mkono ndani ya kiatu, akafumba macho, akapapasa polepole kutoka kisigino hadi ncha, kisha akakikunja kidogo chini ya taa.

"Mwanangu, umenunua jina," akaniambia. "Aliyekuuzia alikwisha uona huu ufa, ndiyo maana akakipaka rangi nzito hivi."

"Sasa nifanyeje, Ami? Hakuna fundi wa kuuziba?"

"Soli ina fundi. Kisigino kina fundi. Uzi una fundi. Ngozi ikipasuka, basi, haina fundi."

Ni miaka minane sasa tangu jioni ile, na katika muda huo nimenunua jozi kumi na moja za viatu vilivyotengenezwa Northamptonshire, yaani eneo lote linaloizunguka Northampton, tisa kati yake bado ninazivaa, na hakuna hata moja niliyolipia nusu ya bei yake ya dukani. Watu wengi wa kwetu wananiuliza ninavipata wapi. Swali hilo ni la haki, lakini mimi naona lenye manufaa zaidi ni kuuliza ninavitambuaje, maana mahali pa kuvipata pako wazi kwa kila mtu.

Mtu hawezi kuelewa kwa nini kiatu kilichovaliwa na mwingine kwa miaka mitano ni mali, mpaka ajue kilivyoshonwa. Viatu vingi vinavyouzwa leo soli yake imegandishwa kwa gundi, na gundi ikiachia au soli ikilika, maisha ya kiatu yamekwisha. Viatu ninavyovizungumzia hujengwa kwa namna nyingine. Kwanza uso wa kiatu huvutwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mti zamani na siku hizi mara nyingi kwa plastiki. Kisha uso huo, pamoja na bitana yake, hushonwa kwenye soli ya ndani na kwenye ukanda mwembamba wa ngozi unaokizunguka kiatu pembeni. Uwazi unaobaki chini hujazwa gome lile jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Mwisho soli ya nje hushonwa kwenye ule ukanda, si kwenye uso wa kiatu. Ushonaji huu wa mashine huitwa kwa jina la Goodyear, kutokana na Charles Goodyear mdogo, Mmarekani wa karne ya 19, na faida yake ni kwamba soli ikiisha fundi hukata uzi wa nje, huitoa ile kuukuu, hushona mpya kwenye ukanda uleule, na uso wa kiatu hauguswi. Crockett & Jones, walioanza kazi hapa Northampton mwaka 1879, husema kwamba jozi moja huweza kuchukua hadi wiki nane ikipita katika hatua zaidi ya mia mbili. Ninapokuta kazi ya namna hiyo inauzwa pauni 30 kwa sababu tu soli imechakaa, ninajua kwamba kilichochakaa ni ile sehemu iliyowekwa ili ichakae.

Bahati yangu ni kwamba ninaishi ndani ya mji wenyewe. Eneo hili lilikuwa na malisho ya ng'ombe, misitu ya mialoni ambayo magome yake yalitumika kutengenezea ngozi, na maji ya mto Nene, na kwa hiyo ushonaji wa viatu ulikita mizizi mapema sana: mwaka 1642 mafundi wa Northampton walipewa kazi ya kutengeneza jozi 4,000 za viatu na 600 za buti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likipelekwa Ireland. Hata timu ya mpira ya mji huu inaitwa kwa jina la washona viatu. Viwanda vilivyobaki si vingi ukilinganisha na zamani, lakini vipo na vinafanya kazi. Tricker's wapo tangu 1829, Church's tangu 1873, Edward Green tangu 1890, wote wakiwa na asili ya hapa mjini. Loake wako Kettering na Barker wako kijiji cha Earls Barton, wote wawili tangu 1880. Cheaney wako Desborough tangu 1886. Kadhaa kati yao wana duka la kiwandani, ambako huuzwa viatu vya mitindo iliyoachwa na vile vilivyokataliwa na wakaguzi.

Kabla ya kuingia katika duka lolote, nilipaswa kuujua mguu wangu, na hilo ndilo somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Ami alinipeleka kwa fundi mwenye kipimo cha chuma, kile kinachopima urefu, upana na mahali pa upinde wa mguu, nikaambiwa kwamba urefu wangu ni 7½, tena kwa mguu mkubwa zaidi. Nilibisha. Nimevaa namba 8 tangu nilipoacha shule. Fundi akanionyesha kipimo cha upana, nikaelewa: mguu wangu ni mfupi na mpana, na kwa kuwa viatu nilivyovijua utotoni havikuwa na upana wa kuchagua, nilikuwa nikitafuta upana kwa kuongeza urefu. Ndiyo maana visigino vilikuwa vikipanda na kushuka huku kidole kidogo kikichubuka ndani ya kiatu kilekile.

Waingereza huandika upana kwa herufi. Ndani ya kiatu, kwenye bitana ya pembeni, mara nyingi kwa kalamu na kwa mwandiko wa mkono, utakuta namba ya urefu ikifuatwa na herufi, na kadiri herufi inavyosonga mbele ndivyo kiatu kinavyopanuka. Lakini kila kiwanda kina kawaida yake: upana wa kawaida wa Crockett & Jones ni E, wa Loake ni F, na mtu akivivaa vyote viwili hataona tofauti kubwa. Church's huandika namba bila alama ya nusu, kwa hiyo 75 G kwao ni saba na nusu, upana wa G. Viatu vilivyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya soko la Marekani vinaweza kuandikwa namba ya Kimarekani, ambayo kwa kawaida iko juu kwa nusu au moja nzima, na asiyejua hilo hununua kiatu kinachobana akidhani amekosea kwa bahati mbaya. Nusu namba ni takriban milimita nne tu, lakini milimita nne katika kiatu cha ngozi ngumu ndizo zinazoamua kama utakitembelea au utakihifadhi kabatini.

Pamoja na namba na herufi huandikwa namba ya kalibu, na hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza. Kiatu cha 7½ kilichojengwa juu ya kalibu 348 ya Crockett & Jones, yenye ncha ndefu iliyokatwa kidogo pembe, hakinikai kamwe, ilhali cha urefu uleule juu ya kalibu 202 ya Edward Green, yenye ncha ya mviringo, hunikaa kana kwamba nilipimwa. Nina daftari dogo ninaloandika kila kalibu niliyoijaribu, mahali iliponibana na mahali iliponiachia, na ninatembea nalo. Mtu akiniuliza ni kifaa gani kimeniokolea fedha nyingi zaidi, nitamwonyesha daftari hilo.

Katika duka la kiwandani nilinunua jozi yangu ya kwanza iliyo halali kwa mguu wangu. Vilikuwa viatu vya mtindo wa Derby, ule ambao pande mbili za kamba zimeshonwa juu ya uso wa kiatu na hufunguka wazi, rangi ya kahawia iliyokolea, vikiuzwa pauni 190 wakati jozi isiyo na dosari ilikuwa zaidi ya pauni 400. Muuzaji, mama mtu mzima aliyekuwa na subira ya kutosha, hakuniambia dosari iko wapi, nami nilikaa dakika kumi nikiigeuza jozi ile kwenye mwanga wa dirisha. Hatimaye niliiona: upande wa ndani wa kiatu cha kushoto palikuwa na kovu jembamba, urefu wa kucha, alama ya ng'ombe aliyejikwaruza kwenye mti au waya alipokuwa hai. Viatu vikiwa mguuni, kovu hilo hutazamana na mguu mwingine, na hakuna anayeliona isipokuwa mimi. Siku hiyohiyo niliacha jozi nyingine iliyokuwa rahisi zaidi, kwa sababu nilipoiweka mezani na kuitazama kwa nyuma, kisigino kimoja kilikuwa kimesimama wima na kingine kimelala kidogo. Kovu, doa, tofauti ndogo ya rangi kati ya kulia na kushoto, hivyo ninavikubali bila wasiwasi. Kasoro ya umbo siikubali kwa bei yoyote ile, maana mguu utaifuata.

Kuhusu misimu ya punguzo sina mengi: madukani bei hushuka baada ya Krismasi na tena kuanzia mwishoni mwa Juni, na namba zinazobaki hadi mwisho ni zile ndogo sana na kubwa sana. Mwenye mguu wa 6 au 12 asubiri; mwenye 8 au 9 awahi siku ya kwanza.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa na watu kwa ajili ya misaada, ya miji midogo, hasa ile wanakoishi mawakili, madaktari na walimu waliostaafu. Katika miji mikubwa maduka hayo yana wafanyakazi wanaojua majina, na viatu vizuri hutengwa na kuuzwa mtandaoni. Katika miji midogo mara nyingi bado huwekwa chini ya nguo, vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba zake. Jumamosi moja nilikuwa Market Harborough, mji unaojulikana miongoni mwa wapenda viatu kwa sababu ndiko zinakotengenezwa soli za mpira za Dainite. Niliingia katika duka la tatu bila matarajio. Chini kabisa ya rafu, nyuma ya buti za mvua, palikuwa na jozi nyeusi ya mtindo wa Oxford, ule ambao pande za kamba zimefungwa chini ya uso wa kiatu, yenye mstari mmoja wa mshono kukata ncha, na ndani yake mlikuwa na mbao za kutunzia umbo, kila moja ikiwa na herufi mbili za jina zilizoandikwa kwa wino. Niliitoa mbao ya kulia. Vilikuwa Church's, aina ya Consul, vimeandikwa 75 G kwa mkono, na kalibu ni 73, ile ya zamani iliyotangulia 173 ya sasa, kwa hiyo nilijua kwamba vilitengenezwa kabla au karibu na mwaka 1999, Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, walipokinunua kiwanda.

Nikafanya kama Ami alivyonifundisha. Niliingiza mkono ndani na kupapasa soli ya ndani, maana gome na ngozi ya chini huchukua alama ya mguu wa mwenye kuvaa, na alama ya mtu mwenye mguu tofauti sana na wako haifutiki. Niliyoikuta ilikuwa kama bonde jepesi, pana, lisilozama upande mmoja. Nilikikunja kiatu taratibu na kuitazama mikunjo: ilikuwa midogo na mingi, kama ya kiganja cha mkono, dalili ya ngozi halisi iliyolishwa mafuta, tofauti na ile ngozi iliyosuguliwa na kupakwa tabaka linalong'aa kama kioo, ambayo haikunjiki bali hupasuka. Nilikwangua kidogo kwa kucha ndani ya mkunjo kuona kama kuna rangi inayobanduka. Niliutazama ukanda wa pembeni, kama umetobolewa mara nyingi na mafundi mbalimbali, nikakuta mshono mmoja safi. Kisha nikabonyeza katikati ya soli kwa kidole gumba. Ikibonyea kama mkate, soli imefika mwisho. Ilibonyea. Bei ilikuwa pauni 25.

Mzee aliyekuwa akijitolea kwenye kaunta aliniambia kwamba viatu vile vililetwa na mjane, pamoja na suti nne na makoti mawili, na kwamba yule bwana alikuwa mtu wa kupiga kiwi kila Jumapili jioni. Kwetu Tanga nguo za marehemu hugawiwa, na anayepewa huzivaa kwa heshima, akijua zilikuwa za nani. Hapa sikumjua mwenyewe, lakini ile mikunjo midogo ilinionyesha miaka mingi ya uangalifu ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiirithi. Nilimshukuru kimoyomoyo nikiwa bado nimepiga goti kwenye zulia la duka. Mbao zake sijazibadilisha.

Viatu vile nilivirudisha kiwandani kutiwa soli mpya, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Matengenezo ya kiwandani hupita pauni 100, na mara nyingi huenda mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo kiatu cha pauni 25 chenye soli iliyokwisha ni kiatu cha pauni 150 au zaidi. Bado ni bei nzuri, kwa sababu kiwanda hukirudisha kiatu kwenye kalibu yake ya asili, hubadilisha gome la ndani na ukanda, na kukikabidhi kikiwa kimerudi katika umbo lake. Lakini mtu lazima aihesabu gharama hiyo akiwa bado dukani, kabla hajatoa pochi. Kwa viatu vya kawaida huwa ninamtumia fundi wa mtaani anayejua kushona kwenye ukanda, ambaye hutoza pungufu. Fundi anayebandika soli kwa gundi juu ya soli ya ngozi iliyolowa simpelekei chochote.

Mnada wa mtandaoni niliurudia baada ya miaka miwili, nikiwa na adabu nyingine. Siku hizi sinunui bila picha tano: ya nyuma ya visigino, ya soli, ya mwandiko wa ndani, ya mikunjo kwa karibu, na ya juu, zote zikiwa zimepigwa kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya mikunjo amekwisha nijibu. Nimegundua pia kwamba bei nzuri zipo pale ambapo jina limeandikwa vibaya, kwa sababu wanaotafuta kwa tahajia sahihi hawalioni tangazo. Crockett hupoteza t moja, Church's huandikwa Churches, kama wingi wa kanisa kwa Kiingereza, na viatu hubaki bila mshindani. Zipo pia jozi zisizo na jina la kiwanda kabisa. Viwanda vya Northamptonshire vimeshonea maduka mengine kwa miaka mingi, viatu vikipigwa mhuri wa duka: Crockett & Jones wameshonea Ralph Lauren, Cheaney wanashonea Herring wa Devon, na maduka mengi ya nguo za kiume ya London yameuza kazi ya mikono hiyohiyo. Anayeijua kalibu na mwandiko wa ndani huvitambua, na hulipa kidogo kwa sababu mhuri haujulikani. Jambo la kuangalia ni maneno ya nchi ilikotengenezwa jozi. Si kila kiatu chenye jina la Kiingereza kimeshonwa Uingereza. Kampuni kadhaa zina mitindo ya bei nafuu inayotengenezwa India na kwingineko. Si vibaya kuvinunua, ila si haki kuvilipia bei ya Northampton.

Yale ambayo maduka ya hisani hayakuyauza hununuliwa kwa kilo na wafanyabiashara, hufungwa marobota, na sehemu yake hufika kwetu. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta Barker au Loake Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, vikiwa vimepangwa sambamba na viatu vya plastiki. Mdogo wangu aliyebaki Tanga alinipigia simu ya picha siku moja akiwa kwenye vibanda vya mitumba Ngamiani, ameshika kiatu cha kahawia kilichopakwa rangi mpaka kikawa kama chungu kilichochomwa.

"Kaka, jamaa anataka elfu thelathini. Ndani kumeandikwa 8, halafu F, halafu namba nyingine."

"Kikunje polepole mbele ya simu, nione. Usimwambie jina."

Alikikunja. Rangi ilibanduka kama ganda la ukoko, na chini yake ufa ulikuwa unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilimwambia akirudishe na kushukuru. Baada ya miezi miwili alipata jozi nyingine ya elfu ishirini na tano, haijapakwa kitu, ina vumbi tu, na anaivaa hadi leo kwenye harusi na kwenye usaili wa kazi. Wauzaji wa mitumba hupaka rangi kwa sababu wateja hupenda kinachong'aa. Kwa viatu hivi mimi ningewaomba waviache na vumbi lake.

Utunzaji nitautaja kwa ufupi, ingawa ndio unaofanya bei nafuu ibaki nafuu. Sivai jozi moja siku mbili mfululizo, kwa sababu ngozi hunywa jasho na huhitaji siku nzima kukauka. Nikirudi nimelowa, najaza gazeti ndani na kukiweka kiatu ubavu, mbali na joto la ukutani, ambalo hukausha ngozi mpaka ikakatika. Natumia kijiko cha kuvalia kila mara, na kamba huzifungua kabla ya kuvua. Kila baada ya wiki chache ninatia mafuta kwanza, kisha kiwi, kwa kitambaa cha fulana ya zamani, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Jozi tisa huchukua saa moja na nusu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Oundle. Katika duka la hisani karibu na kanisa nilikuta viatu vya Edward Green, kahawia ya chestinati, soli ya ngozi haijafika hata nusu, vikiuzwa pauni 60, ilhali jozi mpya ya kiwanda hicho hupita pauni 1,000. Moyo ulinidunda. Nilikaa kwenye kiti, nikasoma ndani: 8 D, upana mwembamba. Nilivivaa hata hivyo, nikasimama dakika tatu, na kidole kile kidogo cha mguu wa kulia kikaniambia kabla mimi sijajiambia. Nikavua. Nilimwomba muuzaji anihifadhie mpaka jioni, nikampigia simu ndugu mmoja wa Bukoba anayeishi Peterborough, mtu mrefu mwenye miguu myembamba ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akitafuta viatu vya kuvaa siku ya kuposa. Alifika saa kumi na nusu, duka likikaribia kufungwa. Alikaa kwenye kiti kilekile, akalegeza kamba, akaingiza mguu, na kisigino kikashuka kwa ile sauti ndogo ya hewa inayotoka kiatu kinapompata mwenyewe.